Mlangoni mwa Magharibi: St. Louis na Mjomba dereva

Jumatano

Mjomba alikataa katakata nipande treni. MetroLink inatoka uwanja wa ndege wa Lambert hadi katikati ya mji bila kubadilisha, na njia yote nilikwisha kuisoma kwenye simu. "Shikamoo mjomba, usihangaike," nilimwambia. Akaitikia marahaba, kisha akasema mtoto wa dada yake hatapokelewa na mashine. Akaja na gari dogo. Lori lake la magurudumu kumi na nane liko yadi, ameomba likizo anizungushe.

"Mwanangu, usije ukatarajia New York," aliniambia kabla hata sijafunga mkanda. "St. Louis ni stendi. Kila mtu alikuja hapa ili aende kwingine."

Na historia inamuunga mkono. Mwaka 1764 Pierre Laclède, Mfaransa mfanyabiashara wa ngozi za manyoya, na kijana Auguste Chouteau waliuanzisha mji kwenye ukingo huu wa magharibi wa mto Mississippi kwa sababu biashara yote ya bara ingepitia hapa. Mwaka 1803 Marekani ikainunua Louisiana kutoka Ufaransa. Mwaka uliofuata Meriwether Lewis na William Clark wakaanza safari yao ya kuitafuta Pasifiki kutoka ng'ambo tu ya mto. Walowezi wakafuata kwa maelfu, wakanunua unga, baruti na magurudumu, wakaenda zao. Ndiyo maana mji unajiita Mlango wa Magharibi. Mwaka 1950 ulikuwa na watu 856,796. Sensa ya 2020 ilihesabu 301,578. Stendi ilijaa, kisha ikamwagika.

Mjomba alinipitisha upande wa kaskazini makusudi. Nyumba za matofali mekundu, ghorofa mbili, zilizojengwa na watu waliojua kazi, na nyingine hazina paa. Kimbunga cha Mei 2025 kilikata mitaa hii kikiwa na hasira zake zote, na Oktoba hiyo maturubai ya buluu bado yalikuwa juu ya mapaa. Lakini magofu mengine, Mjomba akasema, ni ya siku nyingi kabla ya upepo. Wenyewe walihama zamani.

Alhamisi

Huwezi kuja St. Louis ukaliacha Tao, Gateway Arch. Utakuwa umekwenda Misri ukarudi bila kuziona piramidi. Liko ukingoni mwa mto, mita 192 kwenda juu, na upana wake chini ni mita 192 vilevile, ingawa jicho linakataa. Kila mtu huapa ni refu kuliko pana. Limevikwa chuma kisichoshika kutu, kwa hiyo rangi yake inategemea mbingu: asubuhi tuliyofika lilikuwa na rangi ya bati jipya, na kufikia adhuhuri upande mmoja ulikuwa haukutazamiki kwa mng'ao.

Aliyelibuni ni Eero Saarinen, mzaliwa wa Finland, aliyeshinda shindano la mwaka 1948. Alifariki 1961, ujenzi ukaanza 1963, hakuona hata nguzo moja. Miguu miwili ilijengwa kila mmoja peke yake ikipanda na kuinamiana, na Oktoba 28, 1965 ndipo kipande cha mwisho kilipoingizwa juu. Siku hiyo jua liliutanua mguu wa kusini, ikabidi wazimamoto waumwagie maji upoe ili pengo likubali kipande. Hii habari nimeipenda kuliko takwimu zote za makumbusho yaliyo chini yake.

Kupanda ni kisa kingine. Hakuna lifti ya kawaida inayoweza kupita ndani ya kitu kilichopinda, kwa hiyo Dick Bowser alibuni chombo ambacho nusu ni lifti, nusu ni bembea la gurudumu. Vibehewa vinane vimefungwa mfululizo, kila kimoja viti vitano. Mlango ni mfupi, unaingia umeinama. Ndani ni kweupe na kumeviringana, magoti yako yanagusa magoti ya usiyemjua, na Mjomba, ambaye si mdogo, alichukua nafasi yake na robo ya yangu. Kila baada ya sekunde kadhaa kibehewa kinagonga *tak* na kujiweka sawa kadiri tao linavyopinda. Kwenye kioo cha mlango unaona ngazi za chuma na taa zikishuka. Dakika nne hivi. Mama mmoja aliyekaa mkabala nasi alifumba macho muda wote akishikilia mkoba kwa mikono miwili.

Juu kuna ukumbi mwembamba na madirisha madogo mno. Unalala kifudifudi juu ya ukuta uliolala ili kuchungulia. Mashariki ni mto, kahawia, mpana, matishari ya nafaka yakisukumwa polepole, na Illinois ng'ambo. Magharibi ni mji, na moja kwa moja chini yako kuna jengo lenye kuba la kijani: Mahakama Kongwe, Old Courthouse kwenye ramani. Waliopanga walitaka ukae juu utazame magharibi, bara lifunguke mbele yako. Mimi macho yangu yaligoma kuvuka lile kuba.

Tulishuka tukaenda. Mwaka 1846 Dred Scott na mkewe Harriet, watumwa, walifungua kesi katika mahakama hii kudai uhuru wao, kwa hoja kwamba walikuwa wameishi katika maeneo ambako utumwa ulikuwa marufuku. Kesi ya kwanza, 1847, walishindwa. Ya pili, 1850, humu humu, wakashinda. Mahakama ya juu ya jimbo la Missouri ikawanyang'anya ushindi 1852. Ikafika Washington, na mwaka 1857 Jaji Mkuu Roger Taney akaandika kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani. Miaka minne baadaye nchi ilikuwa vitani yenyewe kwa yenyewe. Jengo lilifunguliwa tena mwaka 2025 baada ya ukarabati mrefu, kuingia bure, na nje kuna sanamu ya Dred na Harriet wamesimama pamoja. Ngazi zile zile za mahakama ndipo watumwa waliokuwa mali ya marehemu walipopigwa mnada.

Na Tao lenyewe lina kisa chake. Julai 1964, likiwa limejengwa nusu, Percy Green na Richard Daly walipanda ngazi ya mguu mmoja hadi kama mita 38 wakakaa huko saa nne nzima, kwa sababu kazi za ufundi kwenye mnara huu wa taifa hawakupewa weusi. Kabla ya hapo, kupata uwanja wa kuujenga, mitaa 40 ya kando ya mto ilibomolewa kuanzia 1939. Nilimuuliza Mjomba kama wapiga picha wote hawa wanajua. "Watajuaje," akasema, "na wameligeuzia mgongo?"

Jioni tulitembea mpaka daraja la Eads, hatua chache kaskazini mwa Tao. Kwangu hili ndilo zuri zaidi kati ya yale mawili, ingawa Mjomba hakubali. Matao matatu ya chuma cha pua juu ya nguzo za mawe, limefunguliwa 1874. Mjenzi wake, James Eads, hakuwa amewahi kujenga daraja lolote. Alikuwa mzamiaji wa meli zilizozama, anaujua mto kutoka chini. Nguzo zake zilichimbwa hadi kwenye mwamba, wafanyakazi wakiwa ndani ya masanduku makubwa yaliyojazwa hewa ya kugandamizwa, na walipopandishwa juu haraka damu iliwachemka. Zaidi ya kumi walikufa kwa ugonjwa ambao leo kila mzamiaji anaujua. Watu waliogopa kulivuka. Basi akaletwa tembo, kwa imani kwamba tembo hakanyagi kisicho imara. Akavuka. Treni ya MetroLink bado inapita sakafu ya chini.

Ijumaa

Asubuhi Bustani ya Mimea ya Missouri, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 1859. Kivutio chake ni Climatron, kuba la vioo la mwaka 1960 lisilo na nguzo hata moja ndani, na humo wamefuga msitu wa joto. Unatoka kwenye baridi ya Oktoba unaingia, miwani inapata ukungu, na jambo la kwanza nililolitambua ni mgomba. Kisha mbuni wa kahawa. Kisha mkakao. Nimetoka Tanga, nimelipa kiingilio cha dola kumwona mgomba! Mjomba alicheka hadi mlinzi akageuka. Lakini alisimama pale muda mrefu, akashika jani lililochanika na upepo wa feni, akaniuliza kama ule mgomba wa nyuma ya jiko la bibi bado upo.

Mwenye bustani alikuwa Henry Shaw, Mwingereza kutoka Sheffield aliyetajirika kwa kuuza vyombo vya chuma kwa wale wapita njia wa kwenda magharibi. Sanamu yake ipo, nyumba yake ipo, kaburi lake lipo ndani ya bustani. Alikuwa na watumwa pia. Usiku wa Mei 21, 1855, watu tisa walivuka Mississippi kwa mashua kuelekea Illinois, nchi ya uhuru, wakisaidiwa na Mary Meachum, mwanamke mweusi huru. Kati yao alikuwamo Esther na wanawe wawili, mali ya Shaw. Polisi walikuwa wakiwangoja ng'ambo. Esther alikamatwa, akauzwa kusini, watoto hawakwenda naye.

Mahali walipovukia pana alama sasa, kaskazini ya mji kando ya mto, kwenye njia ya baiskeli. Tulikwenda. Ukuta wa zege umechorwa picha za rangi kali, na nyuma yake ni viwanda na milima ya changarawe. Mume wa Mary, mchungaji John Berry Meachum, aliwahi kuwafundisha watoto weusi kusoma; jimbo lilipopiga marufuku masomo hayo mwaka 1847, inasimuliwa kwamba alihamishia shule kwenye meli katikati ya mto, ambako sheria ya Missouri haikufika. Ukilinganisha na bustani, hapa hapana duka la zawadi wala foleni. Tulikuwa sisi wawili na mwendesha baiskeli aliyetupita bila kupunguza mwendo.

Baada ya swala ya Ijumaa, chakula. Tatizo langu safarini huwa halali, na St. Louis imenitoa wasiwasi kwa njia nisiyoitegemea: Wabosnia. Walikuja kwa maelfu wakikimbia vita vya miaka ya 1990, wakazijaza nyumba za upande wa kusini zilizokuwa zinaachwa, hasa mtaa wa Bevo, uliopewa jina la kinu cha upepo alichojenga tajiri wa bia August Busch. Pana nakala ya Sebilj, kisima cha umma cha maji ya kunywa cha Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia, cha mbao na kuba dogo, kando ya barabara ya Gravois. Tuliagiza ćevapi: nyama ya kusaga iliyofinyangwa vidole vidole na kuchomwa, kumi katika mkate laini wa duara, vitunguu vibichi pembeni, na malai mazito yenye chumvi kidogo. Mwenye duka alimwita Mjomba "brate", ndugu, na kumwekea nyongeza bila kuulizwa. Kwa mara ya kwanza nikakutana na watu waliofika stendi wakashusha mizigo kabisa.

Jumamosi

Forest Park inahitaji siku nzima na viatu vya maana. Ni zaidi ya hekta 500, kubwa kuliko Central Park ya New York. Na kiingilio ni bure kwenye makumbusho ya sanaa, makumbusho ya historia na bustani ya wanyama, kwa sababu tangu 1971 wenyeji wa mji na wilaya yake hulipa kodi maalumu kwa ajili hiyo. Miti mingi iliangushwa na kile kimbunga cha Mei. Mahali pengine unaona visiki vipya, vyeupe, vimepangana kama vimehesabiwa. Iliyobaki ilikuwa imegeuka manjano na nyekundu, na Mjomba alinipiga picha nyingi kuliko alizonipigia kwenye Tao.

Jirani yake alifuatana nasi, baba mmoja kutoka Uvira, mpole, na wanawe. Kiswahili chake cha Kongo kina ladha yake, na aliniita tantine, yaani shangazi, tangu asubuhi hadi jioni.

Hapa ndipo yalipofanyika Maonyesho ya Dunia ya 1904, kuanzia Aprili 30 hadi Desemba 1, kusherehekea miaka mia ya ununuzi wa Louisiana. Majumba makubwa meupe yalijengwa kwa plasta na nyuzi, yakabomolewa mara tu sherehe ilipokwisha. Jengo la sanaa tu ndilo lililojengwa la kudumu, juu ya kilima, kazi ya Cass Gilbert, na leo ndilo Makumbusho ya Sanaa. Mbele yake yuko Mfalme Louis wa Ufaransa juu ya farasi, upanga wake kauinua. Ndani pana picha nzuri, lakini sikuja kwa picha.

Maonyesho yale yaliwaonyesha watu. Wafilipino zaidi ya elfu waliwekwa kwenye kijiji cha kuigiza cha hekta 19 hivi. Geronimo, kiongozi wa Waapache, wenyeji wa asili wa Marekani, mfungwa wa kivita, aliuza sahihi yake kwa watalii. Na kutoka Kongo, Samuel Verner, mmisionari wa zamani aliyegeuka mfanyabiashara, alileta kundi la vijana akiwamo Ota Benga, Mmbuti, ambaye watu wake walikuwa wameuawa na askari wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji; Verner alimnunua kutoka kwa wauza watumwa. Meno yake yalikuwa yamechongwa kwa mila ya kwao, na wageni walimlipa senti tano awaonyeshe. Miaka miwili baadaye, huko New York, aliwekwa kwenye nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx. Mwaka 1916, katika mji wa Lynchburg, Virginia, alijiua.

Nilimsimulia baba wa Uvira tukiwa tumekaa kwenye majani mteremkoni. Alinyamaza, akawatazama wanawe wakibingirika kilimani. "Ile habari hatukuisomaka ku masomo, tantine," akasema. Kisha akauliza pahali penyewe palikuwa wapi hasa. Nikamwonyesha upande wa magharibi, kwa kukisia. Akainuka akaenda huko peke yake, akarudi baada ya robo saa, akawaita watoto waende kuona simba.

Kwenye bustani ya wanyama bado liko tundu la ndege la 1904, la chuma, urefu unakaribia mita 70, unatembea ndani yake na ndege wanaruka juu yako. Lilikuwa la maonyesho. Mji ukalinunua kwa dola 3,500, na ndilo lililozaa bustani yote. Watoto walipenda viboko kuliko kila kitu, wanaonekana kupitia kioo chini ya maji. Nami nilipita haraka. Nimewaona viboko kwao.

Alasiri nilimlazimisha Mjomba twende kwenye uwanja wa Francis, ndani ya Chuo Kikuu cha Washington, mkabala tu na bustani. Anayetoka Afrika Mashariki na asiende pale amejinyima. Olimpiki ya 1904 ilifanyika hapa, na marathoni ya Agosti 30 sidhani kama ina mfano. Joto lilikuwa nyuzi 32 hivi, barabara za vumbi, magari ya waamuzi yakitimua mavumbi mbele ya wakimbiaji, na maji machache mno njiani. Walianza 32, wakamaliza 14. Fred Lorz alichoka, akapanda gari kilomita nyingi, akashuka, akaingia uwanjani wa kwanza na kushangiliwa kabla hajaumbuliwa. Mshindi halisi, Thomas Hicks, alikuwa akipewa strikinini, sumu ile ile ya panya, pamoja na mayai na brandi, akafika akiburutwa, saa 3 dakika 28. Mposta wa Cuba, Félix Carvajal, alikimbia na suruali aliyoikata magotini, akala matufaha njiani, akashika nafasi ya nne.

Na walikuwamo Waafrika wawili, Len Taunyane na Jan Mashiani, Watswana, waliokuwa kwenye maonyesho kuigiza Vita vya Makaburu. Taunyane alimaliza wa tisa, inasemekana baada ya mbwa kumtoa njiani. Mashiani wa kumi na mbili. Ndio Waafrika weusi wa kwanza kukimbia Olimpiki. Lango la uwanja bado lipo. Wasichana wa chuo walikuwa wanafanya mazoezi ya kasi, na mmoja alinikubalia nikimbie nao mzunguko mmoja. Mjomba anayo video. Haitoki kwenye simu yake.

Jumapili

City Museum na watoto wa Uvira. Ni kiwanda cha zamani cha viatu ambacho mchongaji Bob Cassilly alikigeuza, na kukifungua mwaka 1997, kuwa mahali pa kupanda, kutambaa na kuteleza: mabomba ya waya yanayotoka nje ya ghorofa na kukuvusha angani hadi ndani ya bodi la ndege kuukuu, basi la shule linalochungulia nje ya paa, mapango ya saruji, na mtelezo wa ghorofa kumi unaofuata njia viatu vilipokuwa vinateremshwa. Vaa suruali nene na ulinde magoti. Mjomba alibaki na mikoba. Usiku goti langu moja lilikuwa limevimba.

Jumatatu

Dakika ishirini kutoka Tao, unavuka mto, unaingia Illinois, na kabla ya Collinsville unaona vilima viwili. Mjomba akapunguza mwendo. "Kimoja ni jalala," akasema. "Bahatisha kipi." Sikubahatisha vibaya, lakini kwa mbali kweli vinashindana.

Kisicho jalala ni Monks Mound, kilima kikuu cha Cahokia, urefu mita 30, msingi wake zaidi ya hekta 5, na udongo wake wote ulibebwa kwa vikapu mgongoni. Hakuna mnyama wa kubeba, hakuna gurudumu. Kati ya mwaka 1050 na 1200 hivi palikuwa na mji wa watu kati ya 10,000 na 20,000, mkubwa kuliko wowote kaskazini mwa Meksiko, wenye viwanja, mashamba ya mahindi, ukuta wa magogo na duara la nguzo la kupimia jua. Kufikia 1350 ulikuwa umeachwa. UNESCO iliuingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1982, mwaka mmoja tu baada ya Kilwa Kisiwani. Jina la kilima ni la watawa Wakatoliki walioishi hapa mwanzoni mwa karne ya 19. Waliojenga walikuwa wameondoka karne kadhaa kabla yao.

Ngazi ni zaidi ya 150. Mjomba alipumzika mara mbili akisingizia simu. Juu ni tambarare, majani yamekatwa, upepo. Hapa palikuwa na jumba la mtawala. Unaona uwanja mkuu ulivyosawazishwa, vilima vingine vidogo vikiwa vimetapakaa, barabara ya lami ikikata katikati bila haya, na upande wa magharibi, juu ya miti, Tao.

Kusini kuna kilima kidogo mno, kinaitwa Mound 72, huwezi kukitambua bila kibao. Walipokichimba walikuta maiti imelazwa juu ya ushanga wa makombe upatao 20,000, uliopangwa kwa umbo la ndege. Karibu yake, shimo la wanawake vijana zaidi ya 50, wamelazwa kwa mpangilio. Kwa hiyo wale wanaosema hapa palikuwa na paradiso kabla ya Mzungu nao wapunguze sauti.

Ng'ambo ya mto napo palikuwa na vilima hivi, St. Louis iliitwa Mji wa Vilima. Kikubwa chao kilibomolewa mwaka 1869, udongo wake ukajaziwa chini ya njia ya reli. Kimebaki kimoja ndani ya mji, Sugarloaf, na Taifa la Waosage, wenyeji wa asili, walianza kukinunua mwaka 2009. Wamenunua ardhi yao, kwa hati na stempu.

Njiani tulipitia kiwanda cha bia cha Budweiser, tukatazama farasi wakubwa wenye manyoya miguuni, tukaondoka. Kwenye mtaa wa Chippewa, barabara ya zamani ya Route 66, tulisimama Ted Drewes kwa aiskrimu yao nzito. Muuzaji anaipindua kikombe juu chini kabla ya kukukabidhi, uone haimwagiki.

Jumanne

Makaburi ya Calvary asubuhi. Dred Scott hatimaye aliachiwa huru Mei 1857, miezi miwili na zaidi baada ya hukumu ya Taney, na familia ya mmiliki wake wa kwanza. Alifanya kazi ya kubeba mizigo hotelini, akafa kwa kifua kikuu Septemba 1858. Uhuru wa mwaka na kidogo. Watu huweka senti zenye sura ya Lincoln juu ya jiwe. Siku hiyo zilikuwa nyingi, nyingine zimeshika kijani. Mnara mpya, mkubwa, ulisimamishwa 2023. Harriet amezikwa makaburi mengine, Greenwood, na mahali pake pametambuliwa karne hii tu. Kesi moja, sanamu moja, makaburi mawili.

Kutoka hapo kaskazini hadi daraja la Chain of Rocks, la 1929, refu zaidi ya kilomita moja na nusu, ambalo katikati ya mto linakata kona ghafla. Lilibeba Route 66. Sasa ni la waenda kwa miguu na baiskeli. Mjomba, dereva wa miaka yote hiyo, alisimama kwenye ile kona akapima kwa macho kama lori lake lingepita. Akakata shauri lingepita, bila kupishana. Chini yake, ndani ya mto, kuna minara miwili ya mawe yenye sura ya ngome. Ilijengwa kuvuta maji ya mji kutoka mtoni.

Tulimalizia pale Missouri unapoingia Mississippi, kwenye ncha ya ardhi tambarare upande wa West Alton. Mto ulikuwa chini, matope makavu yamepasuka, na mstari wa kukutana unaonekana: Missouri una rangi ya chai ya maziwa, Mississippi umekoza kijani, na yanakwenda sambamba kwa muda kabla ya kukubaliana.

Mjomba alikuwa na shauri. Missouri ni mrefu zaidi, unatoka Montana, ndio mto mrefu kuliko yote Amerika ya Kaskazini. Kwa haki gani kutoka hapa hadi Ghuba ya Meksiko uitwe Mississippi? Nikamwambia wapelelezi wa Kifaransa, Marquette na Jolliet, walishuka kwa mitumbwi mwaka 1673 wakitokea kaskazini, kwa hiyo walikuwa tayari ndani ya Mississippi walipoukuta huu mwingine ukimwaga matope na miti mizima. Waliona mgeni anaingia ubavuni, wakaandika hivyo.

"Kwa hiyo kwa sababu ya njia waliyopita wao," Mjomba akasema.

Ndiyo, kwa sababu hiyo.

Hakuridhika. Tuliporudi mjini, tulipovuka, tulipopita chini ya Tao, kila alipouonyesha mto aliuita Missouri, na tulipoketi Bevo kwa ćevapi za mwisho alimweleza mwenye duka kesi yote tangu mwanzo. Yule Mbosnia alisikiliza hadi mwisho, akasema kwao pia kuna mito ya kugombana, akaongeza mkate.